Kuyatambua na Kuyadhibiti Magugu ya Viwanjani: Gugu Karoti Halingoji Siku ya Usafi

Mada iliyowasilishwa na Idara ya Kilimo ya Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, uliofanyika kando ya uwanja wa michezo wa shule ya msingi



Uwanja ulio mbele ya mkutano huu ni mali ya kata nzima. Asubuhi hutumiwa na wanafunzi, jioni na vijana wa mpira, na nyakati za misiba na sherehe hutandikwa mikeka na kuwekwa viti. Nyuma ya goli la kusini, mahali kilipomwagwa kifusi wakati wa ukarabati wa barabara, limeota jani lenye rangi ya kijani iliyopauka na maua madogo meupe. Wakazi wamelifyeka mara kadhaa katika Jumamosi za usafi. Kila mara limerudi, na kila liliporudi lilikuwa limesogea hatua chache kuelekea katikati ya uwanja.

Jani hilo ni gugu karoti. Mada hii inakusudia kueleza namna ya kulitambua gugu hilo pamoja na magugu mengine matatu yanayosumbua viwanja na nyua za nyumba katika maeneo haya, sababu ya juhudi za wakazi kutozaa matunda mpaka sasa, na hatua zinazopaswa kufuatwa kuanzia mvua zijazo.

Rafiki wa uwanja ni ukoka

Kabla ya kuwataja maadui, hapana budi kumtaja rafiki. Nyasi zinazofaa zaidi katika viwanja vya eneo hili ni ukoka. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, huota mizizi katika kila kifundo, huvumilia ukame na kukanyagwa, na hurejea upesi mvua zinaponyesha. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haupendi kivuli. Ukoka uliositawi vizuri huifunika ardhi kama mkeka uliosukwa kwa kubana, na mbegu ya gugu inayoangukia juu yake hukosa mwanga wa kuota na nafasi ya kushusha mzizi.

Kwa hiyo gugu aghalabu si chanzo cha ubovu wa uwanja, bali ni dalili yake. Mahali palipokwanguliwa na jembe, palipokanyagwa hadi pakawa wazi, palipomwagwa kifusi, palipochomwa taka, au palipofyekwa hadi udongo ukaonekana, ndipo gugu hupata mlango. Mkazi anayeng'oa gugu na kuacha ardhi wazi ameondoa mgeni mmoja na kuacha mlango wazi kwa wengine.

Magugu manne na alama zake

La kwanza ni ndago. Mtu asiyeizoea hudhani ni nyasi, kwa kuwa majani yake ni membamba na yanang'aa. Alama yake ya hakika ipo kwenye shina: likiviringishwa kati ya vidole viwili huhisiwa kuwa na pembe tatu, ilhali shina la nyasi huwa la mviringo au bapa. Siri ya ndago iko chini ya ardhi. Huko hutengeneza viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga, na sehemu kubwa ya viazi hivyo hukaa ndani ya sentimita 15 za juu za udongo. Mtu akivuta majani, uzi hukatika na kiazi hubaki chini. Baada ya siku chache huchipua upya.

La pili ni mbigili. Mmea huu hutambaa chini kama sahani, una majani madogo yaliyopangwa mawili mawili na maua ya manjano yenye petali 5. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vigumu vyenye miiba, ambavyo hutoboa miguu ya watoto wanaocheza peku na matairi ya baiskeli. Hata hivyo, mbigili una mzizi mkuu mmoja. Ukikatwa kwa jembe chini kidogo ya kitovu kabla haujazaa, huo ndio mwisho wake. Tatizo ni mbegu zilizokwisha kuanguka, kwani huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua.

La tatu ni kishonanguo. Kila aliyepita porini anazifahamu mbegu zake nyeusi kama sindano, zenye ncha mbili au tatu zinazonata kwenye sketi, suruali na manyoya ya mbwa. Majani yake machanga huliwa kama mboga katika baadhi ya maeneo, lakini uwanjani ni msumbufu, kwa kuwa mche mmoja huweza kutoa mbegu elfu kadhaa. Mzizi wake ni mfupi, na hung'oka kwa urahisi udongo ukiwa na unyevu. Sharti ni moja tu: ung'olewe kabla mbegu hazijawa nyeusi.

La nne, na la hatari kuliko yote, ni gugu karoti.

Gugu karoti: asili na sura yake

Asili ya gugu hili ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Lilienea katika nchi nyingi kupitia nafaka, mashine, magari na malisho. India limekuwa tatizo tangu miaka ya 1950. Australia lilivamia maeneo makubwa ya malisho. Huko Ethiopia lilishambulia mashamba ya mtama na machungio kwa kiasi kwamba wakulima walilipa jina lenye maana ya kutia saini na kuiacha ardhi. Nchini Tanzania liliripotiwa mkoani Arusha mwaka 2010, na tangu hapo limekuwa likisafiri kwa kufuata barabara, mitaro na maeneo ya ujenzi.

Hatua ya kwanza ya maisha yake ni ya udanganyifu. Mche mchanga hukaa chini kabisa, majani yamejipanga kwa duara kama ua lililotandazwa ardhini. Majani hayo yamechanika sana, mfano wa majani ya karoti, na ndiyo asili ya jina lake. Katika hatua hiyo mtu aliyepanda karoti au giligilani anaweza kulipalilia na kulitunza akidhani ni mazao yake. Namna rahisi ya kupambanua ni kufikicha jani kidogo kwa mkono wenye glovu na kulinusa. Karoti na giligilani hutoa harufu inayojulikana jikoni, na gugu hili halina harufu hiyo.

Hatua ya pili, shina husimama wima. Shina hilo lina mifereji midogo ya urefu na vinyweleo, hutoa matawi mengi upande wa juu, na huweza kufikia mita moja na nusu au zaidi kwenye ardhi yenye rutuba. Hatua ya tatu ni ya maua meupe kama maziwa, madogo kuliko punje ya hindi, yenye pembe 5 yakitazamwa kwa karibu. Weupe huo humvutia asiyelijua, hata akalichuma la kupamba meza au akaliacha uani kama ua la kawaida.

Madhara kwa afya na mifugo

Gugu karoti lina kemikali inayoitwa partheniini, ambayo ipo katika sehemu zake nyingi, pamoja na vinyweleo na chavua. Si kila anayeligusa hudhurika siku hiyo hiyo. Mwili wa mtu huweza kulivumilia kwa miezi au hata miaka, kisha ukaanza kulikataa. Hapo hutokea mwasho, vipele, ngozi kukauka na kupasuka kwenye mikono, shingo na uso, macho kuwasha na kuvimba, mafua yasiyokwisha, na kwa baadhi ya watu kubanwa na kifua. Mwenye pumu huweza kupata shambulio kwa kuvuta chavua yake. Aliyekwisha kupata dalili hizo huzipata tena kila anapolikaribia, na aghalabu kwa ukali zaidi.

Ndiyo maana uwanja wa watoto hauwezi kuhesabiwa sawa na pori lolote. Mtoto anayeanguka na kusimama mara kumi katika mchezo mmoja hukutana na mmea huo kwa goti, kiganja na uso. Mlezi anayemwona mtoto mwenye mwasho usiokwisha au kifua kinachobana baada ya michezo anashauriwa kumpeleka zahanati na kumweleza mganga kwamba mahali anapochezea pana gugu karoti. Taarifa hiyo ndogo humsaidia mganga kutafuta chanzo badala ya kutibu dalili peke yake.

Kwa mifugo hali ni hiyo hiyo. Ng'ombe mwenye malisho ya kutosha hulikwepa gugu hili kwa sababu ya uchungu wake. Wakati wa kiangazi, au anapokatiwa majani na kuletewa zizini, hana nafasi ya kuchagua. Ng'ombe aliyelila hutoa maziwa yenye uchungu, na nyama yake pia huharibika ladha. Akilila kwa wingi huweza kuvimba ngozi, kupata vidonda mdomoni na hata kufa. Wakazi wengi wa kata hii hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa ndani na huwakatia majani kando ya barabara, na huko ndiko gugu hili liliko kwa wingi. Mzigo mmoja wa majani yenye mbegu huleta hasara mbili: maziwa kukataliwa leo, na boma lote kuota gugu kesho, kwa maana mbegu hufika shambani pamoja na samadi na mabaki ya malisho.

Kwa nini kufyeka kumeshindwa

Wakazi wameuliza, na kwa haki, kwa nini jasho lao la kila mwezi halijaleta matokeo. Jibu limo katika mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kifaa. Fyekeo hukata shina na kuacha kitovu na mzizi. Gugu karoti likikatwa hivyo halifi. Huchipua matawi mapya kutoka chini, na matawi hayo hutoa maua yakiwa mafupi, chini ya kimo ambacho fyekeo hufika. Hivyo uwanja huonekana safi kwa mbali, kumbe mbegu zinaendelea kukomaa karibu na ardhi. Zaidi ya hayo, kufyeka gugu lililokwisha kuzaa hurusha mbegu na chavua kila upande, zikiwamo pua za wanaofyeka.

Jambo la pili ni kalenda. Gugu karoti huweza kuanza kutoa maua takriban wiki 4 baada ya kuota. Siku ya usafi huja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani kila baada ya wiki 4 au 5. Maana yake ni kwamba mche unaoota siku moja baada ya usafi hupata muda ule ule unaouhitaji kufikia maua kabla wakazi hawajarudi. Wakazi wamekuwa wakifika kwa bidii, lakini wamekuwa wakifika wakati gugu limekwisha kuanza kuchanua.

Uzito wa kuchelewa huko unapimika kwa hesabu. Mche mmoja uliokomaa vizuri huweza kutoa mbegu zipatazo 15,000, na mingine hufikia 25,000. Tuseme katika kila mbegu 100 ni moja tu inayoota. Mche mmoja uliosahaulika wenye mbegu 15,000 huacha miche 150. Nayo hiyo ikiachwa, hakuna mkazi atakayeweza kuihesabu tena. Isitoshe, mbegu zilizofukiwa udongoni hubaki hai kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo uwanja uliosafishwa msimu mmoja haujapona. Utapona pale tu ambapo misimu kadhaa itapita bila mche hata mmoja kuachwa uzae.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa kila baada ya wiki 2 wakati wa mvua, vuli na masika. Ukaguzi huu hauhitaji mkutano wala watu wengi. Watu wazima 4 wanaotembea kwa mstari, kila mmoja akitazama eneo la hatua chache mbele yake, wanaweza kumaliza uwanja huu kabla ya saa moja kwisha. Siku ya usafi ya mwezi ibaki kama ilivyo, ila iwe ni nyongeza ya ukaguzi huo.

Hatua ya pili ni kung'oa badala ya kufyeka. Wakati bora ni siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na mche ukiwa bado umelala chini kwa duara au umesimama bila maua. Mng'oaji avae glovu, shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, viatu vilivyofunika mguu, na barakoa. Palipokosekana glovu, mifuko miwili ya plastiki iliyovaliwa mkononi ni afadhali kuliko mkono mtupu. Mche ushikwe chini kabisa na kutolewa pamoja na mzizi, au uchimbuliwe kwa jembe chini ya kitovu. Mtu mwenye pumu, mwenye mzio wa ngozi, na mtoto wa shule wasipewe kazi hii kwa hali yoyote. Kumpa mwanafunzi adhabu ya kung'oa gugu karoti ni kumwadhibu kwa ugonjwa.

Hatua ya tatu ni kushughulikia lililong'olewa. Miche isiyo na maua iachwe ikauke juani mahali pakavu, mizizi ikitazama juu. Miche yenye maua au mbegu ikatwe vichwa kwanza kwa uangalifu, vichwa hivyo viingizwe ndani ya mfuko wa salfeti pale pale ulipo mche, mfuko ufungwe, kisha yote yakaushwe na kuchomwa mahali palipotengwa, mbali na watu, au yafukiwe kwenye shimo refu. Yasitupwe mtaroni, kwani maji ya mvua huyapeleka kwa jirani wa bondeni. Yasiwekwe kwenye lundo la mboji wala kupewa ng'ombe, mbuzi au sungura.

Hatua ya nne ni kufunika ardhi iliyobaki wazi. Vipande vya ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu vipandwe mwanzoni mwa mvua kwa umbali wa sentimita 15 hadi 30, vikanyagwe ili vishike udongo, na eneo lizungushiwe kamba kwa wiki kadhaa hadi lishikamane. Panapokanyagwa mno, kama mbele ya magoli, wachezaji wasogeze magoli kila msimu ili nyasi zipumzike.

Hatua ya tano ni kukata nyasi kwa kimo cha busara. Desturi ya kukwangua uwanja hadi udongo uonekane, kwa kudhani kwamba huo ndio usafi, ni desturi ya kuyaalika magugu. Ukoka wa uwanja wa michezo ubakizwe wastani wa sentimita 4 au 5, na katika ukataji mmoja isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani.

Kwa ndago, hatua hizo zina nyongeza moja. Eneo lililoathirika lichimbuliwe wakati wa kiangazi kwa kina cha sentimita 15 au zaidi, viazi viokotwe kwa mkono au kuchekechwa, na vilivyobaki viachwe juani kwa wiki mbili hivi, kwa kuwa viazi vya ndago hufa vikikauka kabisa. Kulima ndago wakati wa mvua bila kuokota viazi ni kuipanda, maana jembe hukata nyuzi na kila kiazi kilichotengana huwa mmea mpya.

Kuhusu dawa za kuua magugu

Baadhi ya wakazi wamependekeza dawa. Halmashauri haikatai matumizi yake, lakini mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, zipo dawa zinazoua kila jani la kijani, ukoka ukiwamo, na zipo zinazochagua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi. Aliyenunua dawa bila kujua tofauti hiyo ameweza kuua uwanja wote na kuacha ardhi wazi, ambayo ni makao mazuri ya gugu karoti. Pili, dawa za majani mapana zikipeperushwa na upepo hudhuru maharage, nyanya na mboga za jirani. Tatu, inunuliwe dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa ndani ya chombo chake chenye lebo, na wala si iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Nne, ndani ya eneo la shule, zahanati au chanzo cha maji asinyunyize mtu yeyote bila kibali na usimamizi wa Afisa Ugani wa kata.

Chumvi, oili chafu na mafuta ya taa visitumike kabisa. Huua gugu leo, lakini huharibu udongo kwa muda mrefu na huishia kwenye visima.

Katika nchi nyingine, zikiwamo Australia na India, mbawakawa mdogo kutoka Mexico aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili ale majani ya gugu karoti. Njia hiyo ni kazi ya watafiti na huchukua miaka mingi ya majaribio. Hakuna mkazi anayeruhusiwa kuhamisha wadudu kwa hiari yake, na hata mahali walikofanikiwa, mikono ya watu haikupumzika.

Wajibu wa Halmashauri

Swali gumu zaidi lililoulizwa na wakazi ni hili: gugu lilifikaje nyuma ya goli, ilhali miaka ya nyuma halikuwapo? Ramani ya uwanja inatoa jibu lisiloweza kufichwa. Miche ya kwanza ilionekana juu ya kifusi cha barabara, na mingine imefuata njia lilikopita greda. Mbegu za gugu karoti husafiri ndani ya mchanga, changarawe na tope lililoganda kwenye matairi. Kila dalili inaonyesha kwamba gugu hili lililetwa na kazi ya ukarabati, kazi iliyokuwa ya manufaa na iliyoombwa na wakazi wenyewe, lakini iliyofanyika bila tahadhari hii. Halmashauri inalikiri jambo hilo.

Kutokana na hayo, Idara ya Kilimo imependekeza kwa wahandisi wa Halmashauri kwamba machimbo ya kifusi yakaguliwe kabla kifusi hakijachukuliwa, mitambo ioshwe kabla ya kuhama kata, na kifusi kinachobaki kisirundikwe kwenye uwanja, shule wala malisho. Wakazi nao wanayo haki ya kuuliza. Mwenyekiti wa kitongoji anapoona lori la kifusi linakuja, na amuulize dereva kifusi kimetoka wapi. Anayejenga nyumba na kununua mchanga afanye vivyo hivyo, kisha aukague mchanga huo kila baada ya wiki mbili mpaka utumike wote. Mkulima anayekodi trekta aombe lisafishwe tope kabla halijaingia shambani.

Wajibu huu wa pande mbili ndio utakaouokoa uwanja. Halmashauri haiwezi kuwa nyuma ya kila goli kila baada ya wiki 2, na wakazi hawawezi kuyazuia malori yote ya barabarani. Kila upande ukifanya kilicho ndani ya uwezo wake, gugu halitapata nafasi katikati.

Mwisho

Ndugu wakazi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ufa upo nyuma ya goli la kusini, na upana wake ni hatua ishirini hivi. Bado unazibika kwa glovu, majembe, mifuko ya salfeti na vipande vya ukoka ambavyo vinapatikana bure kwenye kingo za uwanja huu huu.

Baada ya mkutano, watu wazima wasio na pumu wala mzio wa ngozi, ambao wamekuja na glovu na barakoa, watabaki kwa zoezi la kwanza. Watoto waelekee nyumbani au wasimame upande wa kaskazini wa uwanja, penye ukoka mzima. Mkaguzi atakayeona gugu karoti mahali pengine ndani ya kata asilifyeke. Aweke alama ya kijiti, amjulishe mwenyekiti wa kitongoji au Afisa Ugani, na ataje iwapo limekwisha kutoa maua.

Ukaguzi wa pili utafanyika baada ya wiki 2, Jumamosi asubuhi, hata kama kwa mbali uwanja utaonekana safi. Siku hiyo miche itakuwa bado imelala chini kwa duara, midogo, isiyo na ua hata moja, na mtu mzima mmoja ataweza kuing'oa mingi bila kuinua mgongo.